Mnyama Akibadili Tabia, Usikimbilie Kusema Ni Mkosi

Ukipita kwenye malisho ya Chamwino, Bahi au Kongwa mwezi wa Septemba au Oktoba, wakati nyasi zimekwisha na upepo umebaki kuchezea vumbi, utaona jambo linalowashangaza wageni. Ng'ombe amesimama peke yake chini ya mbuyu, mate yanamchuruzika, anatafuna. Ukimsogelea unakuta kinywani mwake hamna jani. Mna mfupa, tena mfupa wa ng'ombe mwenzake aliyekufa mwaka jana.

Wapo wanaocheka. Wapo wanaotikisa kichwa na kusema ng'ombe huyo amerogwa, maana tangu lini mla majani akala mfupa? Kijana mchungaji humchapa fimbo, mfupa unaanguka, na mambo yanaishia hapo mpaka kesho yake, ng'ombe anapourudia mfupa uleule.

Katika toleo hili tutaangalia vituko vya namna hiyo. Huenda ukauliza, ukurasa wa afya unahusika vipi na vituko vya mifugo? Unahusika sana. Hapa kwetu watu na wanyama hawaishi mbalimbali. Katika tembe zetu zizi liko uani, vitoto vya mbuzi hulala karibu na jiko, mbwa hulala mlangoni, na watoto hucheza na wote hao. Mnyama hana mdomo wa kusema kwamba anaumwa. Anachoweza ni kubadili mwenendo wake, na mara nyingine badiliko hilo ndilo onyo pekee ambalo familia italipata.

NJAA YA MADINI

Ng'ombe yule hakurogwa. Ana njaa ya madini. Sehemu zetu hupata mvua ya msimu mmoja tu, yapata Desemba hadi Aprili. Nyasi zikishakauka huwa zimepungukiwa sana na fosforasi, madini ambayo mwili huyatumia kujenga mifupa na kutengeneza maziwa. Anayeumia zaidi ni ng'ombe mwenye mimba na yule anayenyonyesha. Mwili wake unamsukuma atafute kile kilichopungua, na mahali fosforasi ilipojaa ni kwenye mfupa. Hakuna aliyemfundisha.

Jambo hili lilichunguzwa zamani kule Afrika Kusini na daktari wa mifugo Arnold Theiler pamoja na wenzake, katika miaka ya 1910 na 1920. Wafugaji wa huko walikuwa wakipoteza ng'ombe wengi waliolegea miguu, wakalala chini wasiweze kuinuka, kisha wakafa. Wachunguzi hao wakabaini kwamba ng'ombe walikuwa wakitafuna mifupa yenye mabaki ya nyama iliyooza, na ndani ya uozo ule kulikuwa na vijidudu vinavyotoa sumu kali ya kupoozesha. Ng'ombe walipopewa unga wa mifupa uliotayarishwa vizuri, wakaacha kuokota mifupa malishoni.

Hapa afya ya binadamu inaingia. Sumu za jamii hiyo ya vijidudu humwua mtu pia, kwa hiyo nyama ya ng'ombe aliyepooza na kufa isiliwe, wala wasipewe mbwa. Pia mfupa unaweza kuwa wa mnyama aliyekufa kwa kimeta, na mbegu za kimeta hukaa ardhini miaka na miaka. Ng'ombe akifa ghafla, na damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani au nyuma, usimpasue, usimchune, usimgawie jirani. Mwite Bwana Mifugo.

Dawa ya kutafuna mifupa ni kumpa mnyama anachokitafuta. Jiwe la kulamba lenye fosforasi hupatikana kwenye maduka ya pembejeo za mifugo. Chumvi ya jikoni peke yake haitoshi, kwani haina fosforasi. Lakini ng'ombe anayelamba udongo wenye chumvi, anayelamba mkojo wa wenzake, au anayekula shati lenye jasho ulilolianika kwenye ua, huyo chumvi itamsaidia. Na mifupa iliyozagaa malishoni ikusanywe na kufukiwa chini sana. Ni kazi ya siku moja kwa vijana wa kitongoji.

Mifuko ya plastiki ni habari nyingine. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki za aina nyingine bado zimejaa majalalani, na ng'ombe wa mjini anazila kwa sababu zinanukia mabaki ya chakula. Hazisagiki. Tumbo linajaa, mnyama anakonda.

KUKU ANAYEWIKA NA PUNDA ANAYEGOMA

Kuku jike akiwika, nyumba nyingi humchinja siku hiyohiyo, wakisema amekuja kutangaza kifo. Ukweli ni kwamba kuku jike kwa kawaida hutumia kokwa moja tu ya mayai, ile ya kushoto. Ikiharibika kwa ugonjwa au uzee, ile ya kulia iliyokuwa imelala huweza kukua na kutoa homoni za kiume. Kilemba chake kinakua, anaacha kutaga, anawika. Kumchinja au kumwacha ni shauri lako, kwa kuwa mayai hutayapata tena. Lakini hakuna kifo alichokitangaza.

Beberu naye akinusa mkojo wa mbuzi jike huinua kichwa na kukunja mdomo wa juu, utadhani anatucheka. Anaivuta harufu ifike kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa, apate kujua kama jike yuko tayari. Watoto wakiuliza, wajibiwe hivyo.

Punda tunamwita mbishi. Asili yake ni nchi kavu za pembe ya kaskazini-mashariki ya Afrika, na maumbile yake yakishtuka husimama kwanza na kupima, tofauti na farasi ambaye hukimbia. Ukimchapa wakati huo unamthibitishia kwamba mbele kuna hatari. Kinachopaswa kututia wasiwasi zaidi ni jinsi anavyoficha maumivu. Punda aliyebeba madumu ya maji kutoka kisimani anaweza kuwa na kidonda kikubwa chini ya tandiko na asioneshe dalili yoyote. Ukimwona amenyamaza sana, masikio yamelala, hagusi majani, ujue ameshaumwa siku nyingi.

Na kwa kuwa tumemtaja punda, tukumbuke kwamba lugha yetu imempa jina la ugonjwa mmoja, pepopunda. Hakuna pepo hapo. Vijidudu vyake hukaa ardhini na katika kinyesi cha wanyama, punda akiwa mmoja wao, na huingia kwenye jeraha au kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Mnyama au mtu aliyeshikwa hukakamaa mwili mzima. Ndiyo sababu mama mjamzito huchomwa sindano kliniki, na ndiyo sababu kinyesi cha mnyama kisipakwe kamwe kwenye kitovu.

MBUZI ANAYEZUNGUKA

Mara kwa mara katika kundi hutokea mbuzi au kondoo anayezunguka upande uleule kutwa nzima. Kichwa kimeinama upande, akikutana na ukuta anasimama hapohapo. Wenzetu Wamasai wameujua ugonjwa huu siku nyingi na wanauita ormilo. Ndani ya ubongo wa mnyama huyo mara nyingi kuna mfuko wa maji wenye watoto wa tegu. Tegu mwenyewe, yule mkubwa, anaishi tumboni mwa mbwa. Mbwa hujisaidia malishoni, mbuzi hula majani yenye mayai, na mayai huanguliwa na kusafiri mpaka kichwani.

Sasa tazama tunavyofanya. Mbuzi huyo tunamchinja, kichwa tunamtupia mbwa, na mzunguko unaanza upya. Kichwa hicho kichomwe moto au kifukiwe chini sana, na mbwa wapewe dawa ya minyoo. Yupo pia tegu mwingine wa mbwa, wa jamii hiyohiyo, ambaye mayai yake yakiingia kinywani mwa mtoto huota mifuko ya maji kwenye ini au mapafu, na mara nyingi kuitoa huhitaji upasuaji. Mtoto aliyecheza na mbwa anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

MBWA MKALI AKIWA MPOLE

Yote hayo tuliyoyasema yanakupa muda wa kufikiri. Hili linalofuata halikupi.

Tuchukue mfano wa kaya moja. Mbwa wao ni mkali, mgeni hupiga hodi akiwa bado barabarani. Asubuhi moja mbwa huyo anaonekana mpole kupita kawaida. Anamfuata mama jikoni, anamlamba mtoto mikono, hataki kuachwa. Watu wanafurahi. Kesho yake anajificha nyuma ya ghala, chakula hagusi, lakini anatafuna vijiti na kumeza mchanga. Siku ya tatu taya limelegea, mate yanatoka, sauti imekwaruza kama ya mbwa mwingine. Baba anasema amekwamwa na mfupa. Anampanua kinywa na kuingiza vidole kutafuta. Hapati kitu. Siku ya tano mbwa amekufa, wanamtupa korongoni. Hakuna aliyeng'atwa, kwa hiyo hakuna anayewaza hospitali.

Mfano huu tumeutunga, lakini kila hatua yake ndivyo kichaa cha mbwa kinavyokuja. Wengi tunamngojea mbwa wa hadithi, mwenye povu, anayekimbia na kung'ata kila anayemkuta. Mbwa wa namna hiyo yupo. Lakini yupo pia huyu wa pili, anayelegea na kunyamaza, na huyu hatumwogopi. Wala usimpime kwa maji ukidhani mbwa mwenye kichaa huyaogopa. Anayeogopa maji ni binadamu aliyeshikwa. Mbwa anaweza kuyasogelea, ila kumeza kunamshinda.

Kwa nini tabia inabadilika? Virusi vya ugonjwa huu huingia kwa mate, kupitia jeraha au mchubuko, au mate yakigusa macho na kinywa. Kutoka hapo hupita katika mishipa ya fahamu, polepole, mpaka kwenye ubongo. Huko huvuruga sehemu zinazotawala woga, hasira na kumeza, kisha hushuka kwenye tezi za mate. Kwa hiyo mwoga anakuwa jasiri, mkali anakuwa mpole, wa usiku anatembea mchana. Fisi anayeingia kijijini saa sita mchana, mbweha asiyekimbia watu, nguchiro anayekubali kushikwa na watoto: hao msiwaite wanyama waliozoea watu. Waondoeni watoto mbali upesi.

Tena mate ya mbwa yanaweza kuwa na virusi siku kadhaa kabla hujaona dalili yoyote. Ule upole wa siku ya kwanza, mtoto akilambwa mikono yenye michubuko, nao una hatari.

MKONO KATIKA KOO LA NG'OMBE

Mbwa hawafi peke yao. Mbwa mgonjwa akiingia zizini usiku anang'ata ng'ombe, mbuzi, punda, na asubuhi alama haionekani kwa sababu ya manyoya. Wiki kadhaa baadaye ng'ombe anaacha kucheua. Analia mfululizo kwa sauti ya kukwaruza, anakaza kama anayetaka kujisaidia, anapanda wenzake, miguu ya nyuma inayumba. Mate yanamtoka kama kamba. Mfugaji mwenye uzoefu anasema mara moja kwamba amekwamwa na kitu kooni, anakunja mkono wa shati na kuuingiza mpaka kwenye kiwiko.

Nawasihi wafugaji, hapa msimame. Meno ya ng'ombe yanachubua mkono, na mate yamejaa virusi. Ng'ombe anayedondosha mate na sauti imebadilika, mfunge peke yake kwa kamba ndefu na umwite Bwana Mifugo. Usimkamue kwa ajili ya kunywa maziwa. Usimchinje ili kuokoa hasara, kwani anayechuna ndiye anayejichovya katika mate na ubongo wake. Najua ni maneno mepesi kuandika na mazito kutekeleza, ng'ombe akiwa ndiyo ada ya shule ya mwaka mzima.

Punda mwenye kichaa huweza kujing'ata mwenyewe na kuwarukia watu. Paka hujificha gizani, kisha humrukia mtu usoni, na makucha yake huwa na mate kwa vile hujiramba.

SABUNI NA MAJI KWANZA

Mtu akishaanza kuogopa maji na upepo, dawa ya kumponya haipo. Karibu wote hufa. Dalili kwa kawaida huanza mwezi mmoja hadi mitatu baada ya kung'atwa, mara nyingine mapema zaidi au hata baada ya mwaka. Kovu lililopona huanza kuwasha au kufa ganzi, homa inafuata, halafu fadhaa na kupayuka. Kwa kuwa mbwa alishasahaulika, ndugu husema ni mapepo. Hata hospitalini ugonjwa huu huweza kudhaniwa ni malaria iliyopanda kichwani. Huko Malawi mwaka 2007 ilichapishwa taarifa ya watoto waliodhaniwa hivyo, kumbe kilikuwa kichaa cha mbwa. Kwa hapa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionesha vifo kama 1,500 kwa mwaka, hadi mara 100 ya vile vilivyokuwa vikiandikwa rasmi. Duniani kote hukadiriwa watu 59,000 kila mwaka, na katika wanaong'atwa, watoto ni wengi sana.

Lakini ule mwendo wa polepole wa virusi ndio nafasi yetu. Osha jeraha hapohapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15 kamili. Najua maji yetu ni ya kununua kwa dumu. Hili dumu litumike. Usipake pilipili, mafuta wala unga wa betri, usiweke jiwe jeusi, usikubali jeraha lishonwe kwa haraka. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo kama mchomo wa mwiba. Huko utapewa chanjo, na kwa majeraha makubwa dawa nyingine ya kuchomwa kuzunguka jeraha. Zile sindano nyingi za tumboni walizosimulia wazee zimeachwa siku nyingi. Sasa huchomwa begani, kwa tarehe utakazoandikiwa. Watu wengi huacha baada ya sindano ya kwanza kwa sababu ya nauli, au kwa sababu kidonda kimekauka. Kidonda kukauka hakuna maana yoyote hapa.

Mbwa aliyeng'ata, kama anaweza kufungwa bila hatari, asiuawe upesi. Afungwe siku 10 na kuangaliwa. Akiwa mzima baada ya siku hizo, mate yake hayakuwa na virusi siku alipong'ata, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Usingoje siku 10 ndipo uanze chanjo. Akifa, usimguse kwa mikono mitupu. Mjulishe Bwana Mifugo, maana kichwa chake kinaweza kupimwa. Na yule baba wa mfano wetu, aliyeingiza vidole, naye anahitaji chanjo, na mtoto aliyelambwa pia, ingawa hakuna aliyeng'atwa.

SIKU YA CHANJO YA MBWA

Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba ulikomeshwa mwaka 2014, ukaingia tena mwaka 2016, wakachanja upya, ukakomeshwa mwaka 2018. Kwetu bara kazi ni ngumu zaidi, kwani mbwa hawazuiwi na bahari. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yeye ambaye pamoja na wenzake alitengeneza chanjo ya kwanza. Wilaya nyingi hufanya kampeni karibu na siku hiyo.

Kwenye vituo vya chanjo mara nyingi utaona watoto ndio wanaowaleta mbwa, kila mmoja na kipande cha kamba. Wanaleta mbwa wanaowaweza. Wale wakali, wanaozurura usiku na kupambana na fisi, wanabaki nyumbani kwa sababu baba hakuwa na nafasi, na ndio waliohitaji sindano zaidi. Wanabaki pia watoto wa mbwa, kwa kuwa watu hudhani ni wadogo mno. Waleteni nao, hata aliye chini ya miezi mitatu huchanjwa, na mtaalamu atakuambia lini umrudishe.